Naomba ushauri: grisi gani inafaa kwa slaida za miksa zinazokwaruza?

MwanaNgamiani: Habari zenu wakuu. Niko Tanga, natunza vyombo vya kwaya yetu. Tuna miksa ya chaneli 12, na zile slaida za kusukuma juu na chini zimeanza kukwaruza. Ukiigusa ya sauti ya kwanza spika zinatoa kwaa-kwaa, waimbaji wanapotea kabisa, ukiisogeza kidogo wanarudi. Jumamosi ya wiki ijayo tuna harusi. Nitajieni grisi ya kulainishia inayopitisha umeme vizuri. Natanguliza shukrani.

Fundi_Kipaza: Mkuu, umeshaweka nini humo ndani mpaka sasa? Na slaida zina urefu gani wa kutembea, milimita 60 au 100?

MwanaNgamiani: Ni 60. Mimi nataka jina la grisi tu mkuu, muda umebana.

Mama_Alto: Mwanangu, kabla ya grisi nikuulize, hiyo miksa mnaifunika? Huku kwetu pwani upepo una chumvi, na vumbi la jukwaani unalijua. Kwaya yetu ilikuwa na miksa nzuri mno. Kila Jumapili vijana wanaweka soda juu yake kama meza ya chakula. Siku ya Pasaka chupa ikapinduka, ikamwagikia chaneli nne katikati ya pambio. Tuliimba ibada nzima bila kipaza, na mimi sauti ilinikauka siku tatu. Shoneni kitambaa, kipande cha turubai jepesi kinatosha. Chombo cha Mungu kinatunzwa kama chombo cha Mungu.

MiakaMingiBaharini: Nimefanya kazi ya umeme melini. Kule jenereta zina pete za shaba na vipande vya kaboni vinavyotelezea juu yake. Kijana mmoja aliona pete inalia, akapaka mafuta. Vumbi la kaboni likachanganyika na mafuta likawa uji mweusi, cheche zikaanza kuruka, tukakesha tunasafisha. Kaboni ile inajilainisha yenyewe, mradi hewa iwe na unyevu kidogo. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ndege zilipoanza kupaa juu sana, kwenye hewa kavu, vipande vya kaboni vya jenereta zake vilikuwa vinasagika kwa saa chache tu, na unyevu ndio uliokosekana. Kwa hiyo mimi nakushauri usipake kitu chochote.

Fundi_Kipaza: Mzee wa baharini, hiyo ni pete ya jenereta. Slaida ina kucha nyembamba za chuma juu ya utepe laini wa kaboni, hapo kilainishi kinahitajika. MwanaNgamiani, swali langu la kwanza umeliruka. Umeweka nini?

Chipsi_Mayai: Kwa ukimya huu naona ameweka samli 😂

MwanaNgamiani: Sawa, niseme. Wiki mbili zilizopita nilidondoshea mafuta ya cherehani kwenye slaida zote 14. Siku tatu zilikuwa laini ajabu, nikafurahi. Baada ya hapo kukwaruza kukarudi kuliko mwanzo. Jana nimenunua grisi ya shaba kwenye duka la spea za magari. Hesabu yangu ni kwamba umeme unapita kwenye shaba, na hapo ni mahali pa umeme, kwa hiyo grisi yenye shaba itaunganisha pale kucha zinapokosa kugusa. Kopo nimeshalifungua na hela imeshatoka. Fundi wa mtaani anataka kubadilisha slaida zote na bei yake siiwezi. Mwenyekiti wa kwaya bado hajui lolote. Ndiyo maana nauliza kama naweza kuipaka kidogo tu.

Kando_ya_Reli: Ngojeni kwanza wakuu. Miksa ya chaneli 12, slaida 14? Akaunti ya wiki hii, harusi inakuja, mwenyekiti hajui. Hii ni hadithi ya kutunga. Kesho atatokea mwingine na namba ya duka linalouza dawa ya kupuliza. Nyuzi za namna hii nimeziona nyingi.

Chipsi_Mayai: Hata mimi 14 ilinishtua.

Mama_Alto: Kama ni uongo basi umetumia jina la kwaya vibaya, mwanangu.

MwanaNgamiani: Mama, siwezi kudanganya kwa jina la kwaya. Slaida 12 ni za chaneli, 2 ni za mwisho, sauti inayotoka kushoto na kulia. Nimepandisha picha hapo chini, nimefungua kifuniko. Anayetaka kuhesabu ahesabu.

Fundi_Kipaza: Nimehesabu, ni 14. Tazameni slaida ya tatu kutoka kushoto. Kwenye mfereji wake, karibu robo tatu ya njia, kuna tope jeusi lililojikusanya kama ugoro. Hapo ndipo mnapoiacha kila siku mkiimba, kwa hiyo ndipo kucha zinapotikisikia na utepe unapolika zaidi. Mafuta ya cherehani hayakuuchoma utepe. Yalishika vumbi yakawa hilo tope, na kucha sasa zinapanda juu yake.

Grisi ya shaba iache kabisa, ndugu yangu. Zile ni punje za shaba, zitaukwangua utepe wa kaboni, na zikitambaa hadi pasipo pake zitaunganisha visivyotakiwa kuungana. Kilainishi cha hapo hakihitaji kupitisha umeme hata kidogo. Kucha inakandamiza, inaipasua ile tabaka ya mafuta, inagusa kaboni kwenye vidoa vidogo mno, na umeme unapita hapo. Kinachotakiwa ni tabaka iwe nyembamba. Kucha za slaida zinakandamiza kwa nguvu ndogo sana, grisi nzito inazibeba juu na sauti inakatika. Grisi nzito uliyoikuta humo tangu kiwandani ni ya reli za pembeni, ndiyo inayofanya mkono usikie ulaini. Ya reli isihamie kwenye utepe.

Sasa kazi yenyewe. Chomoa waya wa umeme, na usiguse upande wa pawa saplai. Osha utepe kwa spiriti ya aisopropili, sio ile ya kunawia mikono maana ina glicerini. Sukuma slaida juu na chini mara ishirini hivi, futa tope linalotoka, rudia mpaka pamba itoke safi, acha ikauke. Kisha weka kilainishi cha slaida. Dawa za chapa ya DeoxIT zina aina ya F kwa njia za kaboni na plastiki, ile ya D ni ya kontakti za chuma, usizichanganye. Ukiikosa, iache safi bila kitu. Itafanya kazi harusini, ila itakuwa kavu na italika mapema. Silikoni ya kupuliza usiilete, inatambaa kwenye bodi nzima.

Halafu pima kwa mita. Washa miksa bila kupitisha sauti, gusa mguu wa kuingilia wa slaida na graundi, soma volti za DC, yaani umeme wa namna ya betri. Mbele yake kuna kapasita, kile kipuri kinachopitisha sauti na kuzuia DC. Ikivuja, umeme wa DC unaingia kwenye utepe na slaida itakwaruza hata iwe mpya.

Kando_ya_Reli: Nimeiona picha, nimehesabu. Samahani MwanaNgamiani. Nilishaibiwa kwa uzi kama huu, ndiyo maana nikawa mkali. Fundi, na volyumu ya redio ya marehemu baba inayokwaruza, ni dawa hiyohiyo?

Fundi_Kipaza: Ikiwa ni ya kaboni, ndiyo. Ipime kwanza na wewe.

MwanaNgamiani: Nimerudi wakuu. Spiriti nimeipata, nimeosha zote 14, pamba tano za kwanza zilitoka nyeusi kama masizi. Kumi na tatu zimetulia, zinapita kimya. Ya tatu bado inakwaruza. Mita inasoma volti 1.8 kwenye mguu wake, nyingine zote ni sifuri. Jioni kabla ya mazoezi nimemweleza mwenyekiti kila kitu, mafuta ya cherehani pamoja na grisi. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kapasita inauzwaje. Kopo nimempa jirani mwenye gereji.

Fundi_Kipaza: Ndiyo hiyo kapasita. Soma ubavuni mwake imeandikwa maikrofaradi ngapi na volti ngapi, uangalie na mstari wa hasi umekaa upande gani. Nipigie picha kabla hujaing'oa.