Gumzo la Familia: Mavazi ya Bustanini

Shangazi (Gungu), saa 2:10 usiku
Assalamu alaykum, ndugu zangu. Nawaarifu kwamba Baba Mdogo wenu ameruhusiwa kutoka hospitali leo asubuhi. Juzi alikwenda kupiga dawa nyanya zake kule bonde la Luiche, hapa kwetu Kigoma, akiwa amevaa fulana na kandambili, na kwa kuwa bomba lilikuwa linavuja kwenye kifuniko, dawa ilimchuruzika mgongoni tangu saa tatu hadi saa sita mchana. Alirudi nyumbani, akala, akalala na fulana ileile. Alipoamka alikuwa akitapika, mate yanamtoka na macho hayaoni vizuri. Nimeogopa sana, na sitaki jambo hili lipite hivihivi.

Baba Mdogo (Ujiji)
Ahsanteni kwa dua zenu. Nilidhani dawa inadhuru kwa kuvutwa puani tu, kwa hiyo nilipojifunga kitambaa usoni niliona nimejikinga.

Kaka, bwana shamba (Kasulu)
Shikamoo, Baba Mdogo, na pole sana. Ngozi hunywa dawa, na ngozi yenye jasho hunywa zaidi, hasa kwapani na kinenani. Kitambaa nacho kikishalowa huishikilia dawa mbele ya pua. Hatari kubwa kuliko zote ipo wakati wa kuchanganya, kwa maana hapo dawa bado haijazimuliwa. Vaa miwani na glavu za mpira kabla hujafungua chupa, kwani glavu za kitambaa hufyonza dawa kama sifongo. Suruali ishuke nje ya gambuti, isichomekwe ndani, la sivyo kila tone litateremka hadi kwenye nyayo. Tazama pia ukanda wa rangi chini ya lebo: nyekundu ni sumu kali zaidi, hufuata njano, kisha bluu, kisha kijani.

Dada (Mwanga)
Kaka, fulana hiyo niliifua mimi, katika beseni moja na nguo za mtoto. Nifanye nini?

Kaka, bwana shamba (Kasulu)
Zifue upya zote kwa sabuni na maji mengi, nguo za mtoto peke yake, kisha zianike juani. Fulana yenyewe, kama ililowa dawa kama alivyoeleza Shangazi, usihangaike nayo tena, itupwe. Vaa glavu, na maji yake usiyamwage karibu na kisima.

Bibi (Ujiji)
Wajukuu zangu, nimesoma yote. Mimi nimelima mchicha na bamia peku tangu nilipoolewa. Ni nani atakayestahimili ovaroli na gambuti katika jua la saa saba?

Kaka, bwana shamba (Kasulu)
Shikamoo, Bibi. Jua la saa saba si wakati wa kupiga dawa hata kidogo. Dawa hupigwa asubuhi na mapema, kabla upepo wa ziwani haujashika kasi. Ovaroli ni ya dawa tu. Ukiwa unapalilia, gauni la mikono mirefu na kofia pana vinatosha, lakini viatu vya kufunika mguu nakuomba usiviache, kwa sababu minyoo ya safura huingia kupitia ngozi ya mguu, na vijidudu vya pepopunda hukaa katika udongo na samadi, vikingoja kidonda kidogo tu. Wanaolima mpunga majini huko Luiche wana kichocho pia cha kuogopa. Kabla ya kuvaa gambuti ikung'ute kwanza, maana nge hupenda kujificha humo.

Shangazi (Gungu)
Mama, unakumbuka mwiba wa mchikichi?

Bibi (Ujiji)
Nitausahauje? Nilikuwa nasogeza makuti kwa mikono mitupu ili nipate nafasi ya kupanda matembele, mwiba ukaingia kwenye kiungo cha kidole cha shahada na ncha yake ikakatikia humo. Kidole kilivimba hata nikashindwa kushika mwiko, na mpaka leo hakikunjiki. Nikivuta tasbihi natumia cha kati. Glavu nzito za ngozi zingenifaa siku ile.

Shangazi (Gungu)
Jumamosi nakwenda sokoni Mwanga. Nitanunua glavu za mpira, za ngozi, miwani na gambuti, na bomba la Baba Mdogo nitalipeleka kwa fundi likatiwe mpira mpya wa kifuniko. Nitumieni namba za miguu yenu.

Baba Mdogo (Ujiji)
Yangu ni 42.

Bibi (Ujiji)
Yangu ni 38, lakini nitafutie yenye mdomo mpana, kwani kifundo cha kushoto huvimba ifikapo jioni.