Mandala ya mchanga: ifagiliwe au igandishwe kwa gundi?

Wakuu, naomba tulijadili hili. Watawa wa Kibuddha wa Tibet huchora mandala (mchoro mtakatifu wa kutafakaria) kwa mchanga wa rangi, na wakishamaliza huifagia yote. Lakini mwaka 1991 watawa wa monasteri ya Gyuto walichora mandala ya Yamantaka, mmoja wa miungu ya Ubuddha wa Tibet, kwa ajili ya makumbusho ya sanaa ya Minneapolis, Marekani, na ile haikufagiwa. Iligandishwa kwa gundi ikahifadhiwa. Je, ilikuwa sawa?

Mimi nasema haikuwa sawa.

Mandala ni ramani ya kasri linalotazamwa kutoka juu, lenye milango minne, moja kila upande. Anayetafakari huingia kwa fikra, akapita kuta moja baada ya nyingine mpaka katikati, na pale katikati ndipo penye mwamko wa kiroho. (Neno Buddha lenyewe maana yake ni aliyeamka.) Ndani ya kasri hukaa miungu: mandala iitwayo Kalachakra, kwa mfano, ina miungu 722. Mtawa hushika mrija mwembamba wa chuma uitwao chakpur, akaukwaruza kwa chuma kingine, na mtetemo ule ukashusha mchanga kidogo kidogo. Siku zinapita wamejiinamia vile vile. Kisha dua, kisha brashi: rangi zote huvutwa kutoka pembeni kwenda katikati mpaka zinakuwa kijivu kimoja, na mchanga hupelekwa kumwagwa kwenye maji yanayotiririka.

Kule kufagia ni sehemu ya mchoro. Mafundisho yanasema hakuna kinachodumu, na kung'ang'ania ndiko kunakoleta mateso. Sasa gundi inafundisha nini?

MCHANGIAJI WA KWANZA
Mleta mada, umesahau hekalu la Kibuddha la Borobudur. Iko kisiwa cha Java, Indonesia, ya karne ya 9, nayo ni mandala ya mawe. Mhujaji huanza chini penye michongo ya maisha ya dunia, anapanda akizunguka, na juu kabisa anakuta stupa 72 (minara ya Kibuddha yenye umbo la kengele) zenye matundu zimezunguka moja kubwa isiyo na mchongo wowote. Mwamko umeelezwa pale kwa mawe, na umesimama zaidi ya miaka elfu. Mbona hujasema mawe yale yanapinga mafundisho?

Halafu tukumbuke hao Gyuto ni nani. Mwaka 1959, uasi dhidi ya utawala wa China uliposhindwa, walikimbia Tibet, wakaanza upya India. Mtu aliyepoteza monasteri yake akikubali kazi moja ya mikono yake ibaki, mimi siwezi kumwambia amekosea.

MLETA MADA
Hilo la ukimbizi limenigusa, na sitawalaumu watawa. Lawama yangu naielekeza kwa makumbusho, ambayo kazi yao ni kutunza vitu, kwa hiyo kila wanachokiona wanataka kibaki. Borobudur ilijengwa kwa mawe ili watu waipande. Mchanga ulichaguliwa kwa sababu hautadumu.

Mwaka 2007, ndani ya kituo cha treni cha Union Station, Kansas City, Marekani, mtoto mdogo alipita chini ya kamba akaikanyaga mandala ya watawa wa Tibet ambayo haijakamilika. Watawa walipoikuta imevurugika walirudi tu kazini. Wangekuwa wamekuja kutengeneza kitu cha kuhifadhiwa, siku ile ingekuwa msiba. Aliyewahi kusimama mbele ya ile ya Minneapolis atuambie: ukiitazama, unakumbuka kwamba ilipaswa kuondoka?