Bima ya didaktibo kubwa imenifanya niruke dawa, nifanyeje?

Mbeba_Maboksi: Wakuu habari zenu. Niko Ohio huku Marekani, napiga mzigo godauni. Novemba wakati wa kuchagua bima kazini nikachukua ile inayokatwa kidogo kwenye mshahara nikajiona mjanja, kumbe ina didaktibo ya dola 3,000, yaani mpaka nitoboke mfukoni kufika hapo ndo bima ianze kuchangia. Januari naenda famasi kuchukua inhela ya pumu, ile ya kila siku, mwaka jana nilikuwa natoa 30, dada wa dirishani ananiambia 268. Nikamwambia hebu angalia tena, akaangalia, 268. Nikaiacha kaunta. Sasa iliyobaki nabonyeza mara moja badala ya mbili na kinamba cha nyuma kinasoma 14, yaani imebaki mibonyezo 14 tu. Ya presha nayo nameza leo kesho naruka. Wife hajui.

Kiberenge: Pole mkuu, wengi tumepigwa hapo. Presha usiruke asee! Kama ni lisinopril ya kawaida weka bima pembeni, tafuta kuponi za GoodRx (app ya kuponi za punguzo la dawa), dola chache tu. Ila ujue ukilipa kwa kuponi hela hiyo mara nyingi haihesabiwi kwenye didaktibo.

DogoFamasi: Piga namba iliyo nyuma ya kadi, uliza inhela yako ipo kwenye listi ya dawa za kinga? Tangu 2019 IRS (watu wa kodi) wameruhusu bima za hivi zilipie baadhi ya dawa za magonjwa sugu kabla ya didaktibo, insulini, statini (za kolesteroli), na inhela za steroidi kwa mwenye pumu. Wameruhusu lakini hawajalazimisha, so inategemea mwajiri wako kachagua nini. Na HSA, ile akaunti ya akiba ya matibabu, umefungua? Hela yake haikatwi kodi na dawa unalipia humo humo, waajiri wengine wanakuwekea chochote.

MamaJunior: Angalia boksi imetengenezwa na nani. GSK, AstraZeneca na Boehringer Ingelheim wana kadi za kikomo cha dola 35 kwa mwezi kwa baadhi ya inhela zao, hata mwenye bima ya kazini anaweza kuipata.

Mbeba_Maboksi: Daah, nimefukua boksi kwenye takataka, ni ya mmoja wa hao watatu! Kesho niko off naenda. Ya presha nimemeza sasa hivi.

MamaJunior: Na mkeo mwambie, ukibanwa kifua saa nane usiku nani atapiga 911?