Naomba ushauri: magogo mabichi ya mwembe kwa kukereza mabakuli

Wakuu, habari zenu. Nimepata magogo ya mwembe, bado mabichi kabisa, ukigusa palipokatwa mkono unalowa. Nataka kukereza (kuchonga kwa mashine inayozungusha mti) mabakuli ya kipenyo cha kama sentimita 30. Ncha nimeshazipaka nta, maana maji hutokea huko haraka kuliko ubavuni na nyufa huanzia hapo.

Kinachonisumbua ni kiini, yaani katikati kabisa ya gogo mti ulipoanzia kukua. Najua gogo hupasuliwa kwa urefu na kiini kuondolewa, kwa sababu mti husinyaa zaidi kufuata duara za ukuaji kuliko kuelekea katikati; kiini kikibaki, bakuli huelekea kupasuka. Sasa haya magogo kiini kimekaa upande mmoja, na katika moja umeshatoka ufa mwembamba kama unywele. Nipasue kwa kuufuata huo ufa, au nigawe gogo sawasawa tu? Na nitupe upana gani kila upande wa kiini?

La pili, unene. Kanuni ninayoijua ya kukereza mara ya kwanza, mti ukiwa bado mbichi kabla ya kukausha na kumalizia, ni ukuta uwe sehemu moja ya kumi ya kipenyo, yaani sentimita 3 kwangu. Kwa mwembe zinatosha? Bakuli nitalikausha ndani ya mfuko wa karatasi pamoja na maranda yake, nikilipima mpaka uzito usipungue tena. Wapo wanaochemsha kwanza (kazi kweli hiyo), aliyejaribu aniambie kama rangi inabadilika.

Magogo yanayosubiri zamu je, niyaache mazima kivulini au niyapasue yote sasa? Nahofia ukungu.