Draivu pepe isiyo na matangazo kwa ISO, BIN/CUE na MDF

Kipanga:
Wakuu, nataka kuachana na programu ya draivu pepe niliyonayo (ile inayofungua picha ya diski kana kwamba ni CD au DVD halisi). Ni ya bure, lakini matangazo hayaishi na ukiisakinisha inakusukumia programu nyingine zisizohusika. Kompyuta ni Windows 10 na 11, biti 64. Picha nyingi za diski (faili zenye nakala ya CD au DVD nzima) ni ISO, ila kuna BIN/CUE za kutosha, MDF/MDS chache na NRG. Isidai leseni, wala isijiwashe pamoja na kompyuta.

Swali la pili: baadhi ya ISO Windows yenyewe inazikataa. Inasema faili iwe kwenye NTFS (mfumo wa faili wa Windows) na isiwe kwenye folda iliyobanwa. Diski ni NTFS na hakuna kilichobanwa. Tatizo ni nini?

bitnane:
Kwa ISO huhitaji programu yoyote mkuu. Tangu Windows 8 uwezo huo umo ndani ya mfumo: bofya kulia kwenye faili, chagua Mount, draivu mpya inatokea. Ukimaliza, bofya kulia kwenye hiyo draivu, Eject. Kama Mount haionekani, programu ya zamani bado imeng'ang'ania faili za .iso. Nenda Open with, chagua Windows Explorer, na uweke tiki iwe hivyo daima.

Huo ujumbe wa NTFS unapotosha. Mara nyingi kisa ni faili kuwa na alama ya "sparse", ambayo programu za torrent huiweka ili sehemu ambazo bado hazijashuka zisile nafasi kwenye diski. Faili ikishakamilika alama inabaki, na Windows inagoma. Fungua Command Prompt kama msimamizi:

`fsutil sparse queryflag "D:\picha\faili.iso"`

Ikijibu kwamba ni sparse:

`fsutil sparse setflag "D:\picha\faili.iso" 0`

Usiyetaka amri, nakili faili kwenye folda nyingine kisha ufungue nakala. Kwa kawaida nakala huwa haibebi alama hiyo.

Jambo moja la kujua: ukizima kompyuta, draivu inapotea. Ukitaka irudi kila unapowasha, weka `Mount-DiskImage -ImagePath "D:\picha\faili.iso"` ya PowerShell kwenye Task Scheduler. Kuitoa ni `Dismount-DiskImage` na njia ileile ya faili.

Zana_Huru:
Kwa hizo zilizobaki, WinCDEmu. Ni programu huria chini ya leseni ya LGPL, haina matangazo, inasoma ISO, CUE, NRG, MDS/MDF, CCD na IMG. Ipo pia ya kubebeka isiyohitaji kusakinishwa, ila nayo inadai ruhusa ya msimamizi kwa sababu lazima ipakie kiendeshi (driver) chake. Ipakue kwa Sysprogs, watengenezaji wake wenyewe. Tovuti nyingi za kupakulia programu huifunga ndani ya kisakinishi chao, na matangazo unayoyakimbia utayakuta humo.

Virtual CloneDrive nayo ni ya bure na imetulia, inakupa hadi draivu 15. Inafaa kwa ISO, BIN na CCD, lakini kwa MDS na NRG baki na WinCDEmu.

Kosa la kawaida ni kupachika (mount) BIN badala ya CUE. CUE ni maandishi matupu, ifungue kwa Notepad uone:

`FILE "diski1.bin" BINARY`
`TRACK 01 MODE1/2352`
`INDEX 01 00:00:00`

Jina lililo kwenye mstari wa FILE lifanane na la BIN herufi kwa herufi. Ukiwa umebadilisha jina la BIN, rekebisha na hapo. MDS na MDF ni hivyohivyo: ziwe folda moja, jina moja, na unayoifungua ni MDS.

Kipanga:
Asante. Alama ya sparse ndiyo ilikuwa shida, sasa zinafunguka. CUE pia zimekubali, isipokuwa moja: data inaonekana, lakini nyimbo zinazofuata baada ya data hazipo kabisa.

sekta2352:
WinCDEmu imelenga data na video za DVD na Blu-ray. Nyimbo za CD haiziwezi. Wala usigeuze kuwa ISO, utazipoteza moja kwa moja: ISO hubeba data tu, baiti 2048 kwa sekta, wakati BIN ya aina hii ina sekta nzima ya baiti 2352 na sauti inazitumia zote. Ndiyo maana pia kubadilisha .bin kuwa .iso kwa kuandika jina upya hakusaidii kitu.

Ukihitaji nyimbo tu, tumia bchunk, programu ya amri:

`bchunk -w diski1.bin diski1.cue diski1`

Data itatoka kama ISO, nyimbo kama WAV. Ukihitaji diski nzima ionekane kama CD halisi, CDEmu ya Linux inaiga nyimbo vizuri: `cdemu load 0 diski1.cue`, na `cdemu unload 0` kuitoa.

Kama ni gemu la zamani lenye SafeDisc, kinga ya kuzuia kunakili diski, usihangaike na draivu pepe. Kinga hiyo inategemea kiendeshi cha secdrv.sys, ambacho Windows 10 haina.

bitnane:
Kabla ya kuweka mpya, hakikisha ya zamani imeondoka yote. Baadhi ya programu hizi huacha kiendeshi nyuma, na Windows 11 inaweza kukataa kuwasha ulinzi wake uitwao Memory integrity kwa ajili ya kiendeshi hicho. Endesha `pnputil /enum-drivers` kama msimamizi, tafuta jina la mtengenezaji, soma namba yake ya oem, kisha (mfano ikiwa ni 12):

`pnputil /delete-driver oem12.inf /uninstall`

Washa kompyuta upya. Soma namba mara mbili kabla ya kubonyeza Enter, maana oem ya jirani inaweza kuwa ya kadi ya mtandao.

Zana_Huru:
Na kama shida ni kuchomoa faili mbili tatu kutoka kwenye ISO, 7-Zip inatosha, bila draivu yoyote. Kupachika kunahitajika pale kisakinishi kinapodai kuona diski.