Eti "tatizo la trekta hili ni mwenye trekta"! Huyu fundi leo kanimaliza

Mzee_wa_Jembe: Wakuu, naandika mikono ikitetemeka. Simtaji, mnamjua: yule anayekuja na bisibisi moja mfukoni na kuondoka na nusu ya mashine yako.

Nilimwita kwa kazi ndogo. Ford 8N ya petroli, ya 1951, yeye anazaliwa lenyewe limeshastaafu. Kontakti za kukatia umeme wa cheche za plagi zimeliwa, kondensa yake imechoka, abadilishe aende zake. Nikamwambia na lile jingine: likilima kidogo linakohoa na kuzima, ukilegeza mfuniko wa tangi unasikia fyuuu, linawaka tena. Kitundu cha hewa kimeziba, hicho nitakizibua mwenyewe.

Akacheka. Akafuta grisi kwenye KITI CHANGU, akasema mbele ya vijana wangu: "Tatizo la trekta hili ni mwenye trekta."

Mwenye trekta!

Kisha kabureta chini, skrubu zote akazizungusha kama anatafuta stesheni ya redio. Kontakti mpya hakuzigusa, za zamani akazisugua kwa msasa wa mbao. Nafasi ya kontakti ya inchi 0.025 hakupima, alikadiria kwa jicho! Waya za plagi akazipanga silinda ziwake kwa zamu ya 1-3-4-2, "silinda nne zote ni hivyo". Injini hii ni 1-2-4-3! Kupiga stata, moto ukarudi kwenye kabureta, mbwa hajaonekana mpaka sasa. Na wa kulaumiwa nani? Mwenye trekta. Vijana wanalirudia hadi muda huu. Kiti kina vidole vyake vyote vitano.

Kipepeo: Hahaha "mwenye trekta". Fundi kaona mbali.

Spana13: Mkuu, kama ulijua ni mfuniko, fundi ulimwitia nini?

Mzee_wa_Jembe: SOMA UZI. Kontakti na kondensa!

Spana13: Nimesoma. Kilichokuuma ni kiti.

MamaMahindi: Afadhali yako. Kwangu alikuta chanya ya betri imefungwa kwenye bodi, akaniuliza nani kanidanganya, akageuza. Mama yangu! Mashine ya volti 6, kiwandani waliifunga hivyohivyo. Sasa ameta inasoma kinyume na cheche za plagi zimepooza.

Dizeli_Daima: Ndiyo maana mimi niko dizeli. Hakuna plagi, hakuna kontakti, hakuna stori.

Spana13: Hakuna stori? Juzi si wewe uliyeshinda unatoa hewa kwenye mfumo wa mafuta mpaka jua likazama?

Dizeli_Daima: Ilikuwa pampu ya dizeli. Nimeshaipeleka kwa fundi.

Kipepeo: Fundi gani?

Dizeli_Daima: Huyohuyo.

Kipepeo: 😂😂😂 Nimekaa pale nasubiri.

Mzee_wa_Jembe: Jamani turudi kwenye mada. Kanifutia grisi kwenye kiti!

MamaMahindi: Mzee tulia kidogo. Dizeli, ukienda kwake niangalizie na pampu yangu ya maji. Kila nikiuliza, eti anasubiri sili.

Dizeli_Daima: Ya bluu? Mpini umeungwa kwa waya?

MamaMahindi: Ndiyo. Umeiona?

Dizeli_Daima: Mama, kaniuzia mimi. Inamwagilia nyanya hapa ninapoandika.

MamaMahindi: IZIME HIYO PAMPU NAKUJA.