Dalali kasema nyumba yetu milioni 28. Nani anathamini kwa haki?

Mama Vitumbua, Makorora:
Asalaam aleykum. Mume wangu amenipa talaka mwezi wa Rajabu, ndoa ya miaka 14, na shauri la mali tumelifikisha Mahakama ya Mwanzo hapa Tanga. Juzi kaja na dalali anayecheza naye bao. Kazunguka uani, hata ndani hakuingia, katamka milioni 28. Mume akadakia: "Nakupa nne uondoke, kiwanja nilikuwa nacho kabla sijakuoa."

Kiwanja kweli alikuwa nacho, na msingi ulioota majani. Lakini vyumba sita vimesimama mimi nikiwa humu ndani, naamka saa kumi alfajiri kukaanga vitumbua. Mchezo wa kwanza wa upatu niliopokea ulinunua matofali, wa pili bati. Vyumba viwili vya uani vyenye wapangaji ni pesa yangu tupu. Risiti za saruji ninazo, ingawa nyingine wino umefifia. Na nyumba ya jirani, ndogo kuliko yetu, haina kisima, mwaka jana imeuzwa milioni 41! Sitaki cha mtu, nataka jasho langu. Nianzie wapi?

Karani Mstaafu, Chumbageni:
Pole sana mwanangu. Bei ya dalali si uthamini. Kwa sheria ya mwaka 2016, kazi hiyo ni ya mthamini aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wathamini. Muulize namba yake ya usajili kabla hujampa hata nauli. Ripoti mara nyingi huwa na bei mbili: thamani ya soko, na bei ya kuuza kwa haraka kama mnadani, ambayo huwa chini. Mgawanyo wenu uombe ufanywe kwa thamani ya soko.

Hilo la kiwanja lisikutishe. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinaingiza pia mali aliyokuja nayo mmoja, ikiwa imeendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzake au kwa nguvu za wote wawili. Na hata usingekuwa na risiti moja, tangu shauri la Bi Hawa Mohamed, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa kupika na kulea ni mchango.

Binti Pangani:
Shoga, usiende sokoni siku ya ukaguzi! Mimi nilikwenda gengeni, chumba cha uani kikabaki na kufuli, hakikuhesabiwa. Bado kinaniuma. Fungua kila mlango, onyesha kisima, taja kodi ya wapangaji. Halafu kubalianeni mthamini mmoja, ada nusu kwa nusu. Kila mtu akija na wake mtabishania ripoti mpaka mwakani.

Mama Vitumbua, Makorora:
Allah awalipe. Lakini hati hatuna, ni karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa tu, na iko kwake.

Karani Mstaafu, Chumbageni:
Itathaminiwa hivyo hivyo, ila bei itashuka kidogo kwa kukosa hati. Mwombe hakimu aamuru karatasi iletwe mahakamani. Na kesho asubuhi mweleze mwenyekiti wa mtaa kwa maandishi kwamba nyumba ina shauri, asigonge muhuri wa mauzo yoyote. Baki na nakala.

Mama Vitumbua, Makorora:
Barua nimepeleka leo, nakala imegongwa muhuri. Mume kakubali mthamini mmoja. Anakuja Alhamisi, na vitumbua siku hiyo sikaangi.